Ushuhuda Wangu Kanisani Wageuka Silaha ya Landilodi

"Mama Nyawira, hiyo chuma imeshikiliwa na nini, ama ni maombi yako tu?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Akoth asubuhi moja tukianika nguo kwenye korido ya ghorofa ya pili, kule Mugutha. Alikuwa amesukuma reli ya kuegemea kwa kidole kimoja tu, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Nilicheka. Nikamwambia, "Bora imeshikwa."

Wiki hiyo hiyo reli iliachilia, nami nikaenda nayo.

Waliosoma wiki jana wanayajua haya. Kwa anayenipata leo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mjane. Mume wangu alipoaga, shemeji zangu waliuza kipande chetu cha shamba kule Ngoingwa kabla hata udongo wa kaburi haujashuka. Nikahamia mtaa wa Landless, nikaanza biashara ya chapati, kibanda kikaungua. Ndipo nikapata chumba Mugutha, upande wa Ruiru, kwenye ploti ya Mzee Gachanja, ambaye ni mzee wa kanisa letu. Nikasema, sasa nimefika kwa watu wa Mungu.

Siku hiyo nilikuwa naanika blanketi. Reli ikang'oka ukutani, nikaangukia mabati ya kinyozi aliye chini. Kinyozi alikimbia na mashine mkononi, akamwacha mteja wake amenyolewa kichwa nusu. Mimi niliachwa na nyonga iliyovunjika.

Hospitalini walinitia chuma. Chuma hakikukaa sawa. Daktari amesema lazima nifunguliwe tena, la sivyo mguu huu utabaki mfupi na haya magongo yatakuwa yangu mpaka nizikwe. Na mtu wa magongo hasukumi chapati. Kwa hivyo swali langu ni moja tu, na wala si gumu: nani atalipia huo upasuaji wa pili?

Mzee Gachanja alikuja wodini na mchungaji. Aliniombea kwa sauti ya kutikisa madirisha. Akasema, "Usijali, mama, hiyo mambo niachie mimi." Tangu siku hiyo simu yake ikawa haipatikani.

Ndipo binti yangu Nyawira akanishika mkono, tukaenda kwa wakili mjini Thika. Wiki jana niliwaacha hapo mlangoni, nikiwa na matumaini yangu. Haya, sikilizeni matumaini yalivyonifanyia.

*

Wakili Aoko ni msichana wa umri wa Nyawira, lakini akikutazama unajikuta umekaa wima. Nilimweleza habari yote. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mama," akasema, "chumba chako ndani ni chako. Ukiteleza kwa sabuni yako, hiyo ni yako. Lakini korido, ngazi, geti, hizo ni za kila mtu anayepita, na wa kuzitunza ni mwenye ploti. Reli ya korido ni yake. Ikianguka na mtu, yeye ndiye anaulizwa."

"Si nilikuambia?" Nyawira akasema, akanigonga begani.

"Ngoja," Wakili Aoko akasema. "Nyawira aliponipigia simu nilimwandikia Gachanja barua, na wakili wake amejibu. Anasema Mzee Gachanja hakujua kama reli ni mbovu. Anasema ulipakia blanketi zito lenye maji. Na anasema wewe mwenyewe, mbele ya watu, umekubali hakuna wa kulaumu."

"Nani? Mimi?"

Aligeuza kompyuta yake.

Ngai! Nilikuwa mimi. Nimesimama mbele ya kanisa, magongo kwapani, kitambaa changu cheupe cha akina mama kichwani. Wale vijana wa mitambo hurusha ibada yetu kwenye mtandao kila Jumapili, na sikuwa nimekumbuka kwamba kinachorushwa hakifutiki.

"Bwana asifiwe!" nilikuwa nasema pale kwenye picha.

"Amina!"

"Mimi simlaumu mtu yeyote! Adui alinisukuma, lakini Bwana akanidaka!"

Kanisa likalipuka kwa makofi na vigelegele. Mzee Gachanja alionekana benchi la mbele, anapiga makofi kuliko wote.

Wakili akaisimamisha picha. "Mama, Bwana alikudaka?"

"Ndiyo."

"Na nyonga ikavunjika akiwa amekudaka?"

Nyawira aliangalia dirishani. Nilimwona mabega yanatetemeka kwa kicheko.

"Sikucheki, mama," wakili akasema. "Hilo ndilo swali utaulizwa mbele ya hakimu, na atakayekuuliza hatakuwa anakupenda."

Nilijaribu kumweleza. Kwetu, mtu akitoka hospitalini, kabla hajafanya lolote, anasimama mbele kushukuru. Na ushuhuda una utaratibu wake. Husimami kumshukuru Mungu huku umemnyooshea jirani kidole. Ukitaja mtu, huo si ushuhuda tena, hizo ni porojo, na mchungaji atakuambia ukae chini. Kwa hivyo mabaya yote tunampa shetani, mazuri yote tunampa Mungu, watu wote wanarudi nyumbani wakiwa safi.

"Kila mtu husema hivyo," nikamwambia. "Hata aliyepigwa na mumewe husema adui alimpiga."

"Naelewa. Hakimu naye ataelewa?"

Nikayavuta magongo yangu karibu.

"Kule kortini," akaendelea, "utashika Biblia, useme reli ilikuwa mbovu kwa sababu ya uzembe wa mwenye ploti. Halafu watacheza hii. Watauliza, mama huyu alidanganya lini? Kanisani ama hapa?"

Hapo ndipo nilisikia joto likinipanda. Sijawahi kudanganya kanisani. Wala sina mpango wa kudanganya kortini. Na bado, kwa vile mambo yalivyokuwa yamepangwa, nilikuwa mwongo mahali pamoja kati ya hapo pawili.

Wakili Aoko akaisogelea ile picha. "Huyu anayekushikia kipaza sauti ni nani?"

"Ni Mama Ndung'u. Sikuweza kushika magongo na kipaza sauti pamoja."

"Mama Ndung'u ni nani?"

"Mke wa Mzee Gachanja. Mwenyekiti wetu wa akina mama."

Wakatazamana, yeye na Nyawira.

"Msitazamane hivyo," nikasema. "Huyo mama ndiye aliyenisugua mgongo kule wodini. Alinilisha uji na kijiko, watoto wangu wa kuzaa wakiwa kazini."

"Maitu! Mama yangu!" Nyawira akaruka.

"Sisemi kwa ubaya. Nasema ulikuwa kazini."

"Alikuambia useme nini?" wakili akauliza.

"Hakuniambia kitu. Tukingoja zamu yangu aliniambia tu nisimbebe mtu moyoni. Niseme maneno mepesi, wageni wako wengi."

Wakili aliandika. Sikupenda vile alivyoandika, haraka na kichwa chini.

"Sawa," akasema. "Kitu kimoja kinaweza kutuokoa. Tukipata mtu aseme, chini ya kiapo, kwamba Gachanja aliambiwa reli ni mbovu kabla hujaanguka. Si lazima aambiwe yeye. Akiambiwa mtu wake anayemwamulia mambo ya ploti, sheria inahesabu yeye ameambiwa. Basi ushuhuda wako wa kanisani hautakuwa na nguvu tena, kwa sababu wewe hukujua alichojua yeye. Kuna mtu kama huyo?"

Jina lilinijia mara moja. "Barasa."

"Na mama," akanifuata mpaka mlangoni, "tafadhali, usiongee na upande wa Gachanja nikiwa sipo. Umenisikia? Hata salamu iwe fupi."

*

Barasa ndiye keateka wa ile ploti. Anafungua geti, anaosha ngazi, anafungua maji yakija, na tarehe za kodi anajua kukugongea mlango kwa adabu mpaka unaona aibu. Amepewa chumba cha chini, karibu na tangi, na hicho chumba ndicho sehemu kubwa ya mshahara wake.

Tulipofika Mugutha, sikuijua ploti. Korido zote zilikuwa na reli mpya, nene, imepakwa rangi ya samawati. Na ukutani, pale pale nilipoanguka, walikuwa wameandika kwa herufi kubwa: USIANIKE BLANKETI. ANAYEEGEMEA NI SHAURI YAKE.

Nilisimama hapo chini nikitazama, magongo yakizama kwenye kokoto. Kumbe fundi alikuwako siku zote. Kumbe chuma kinapatikana. Ilibidi tu kwanza mtu mmoja aanguke.

"Umeona baraka zako?" Akoth akaita kutoka juu. Akashuka mbio, akanikumbatia mpaka gongo moja likaanguka. "Sasa tunaegemea kama wabunge. Kila asubuhi nikishika hii reli nasema asante Mama Nyawira."

"Akoth, haya maandishi waliyaandika lini?"

"Haya? Rangi bado ilikuwa inanuka ulipokuwa wodini. Mimi nikauliza mchoraji, kwani unaandikia nani, aliyeanguka ameshaanguka."

Nyawira alikuwa tayari anapiga picha. "Mum, hawa watu wanakucheza live live. Wanataka korti ione kama hii notisi ilikuwako kutoka zamani."

"Mimi nitakuja kusema," Akoth akasema. "Nipeleke hata leo. Nitamwambia hakimu hiyo chuma ilikuwa inacheza kama densi."

"Ulimwambia Mzee Gachanja?"

Akanywea kidogo. "Mzee nitamwambia saa ngapi? Mimi nilikuambia wewe."

Ndiyo hivyo. Aliniambia mimi, nami nikacheka. Ploti nzima ilijua. Kila mtu alimwambia jirani yake, hakuna aliyepanda hadi kwa mwenye nyumba, kwa sababu ukilalamika sana kwa landilodi unaambiwa vyumba viko vingi Ruiru.

Barasa alitoka nyuma ya tangi akipangusa mikono kwenye suruali. Aliponiona na magongo, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Barasa. Sitazunguka. Ile reli, kabla nianguke, ulikuwa umesema?"

Akaangalia geti, akaangalia juu, akaangalia Akoth.

"Huyu mwache," nikasema. "Huyu hata nikimfukuza atasikilizia dirishani."

"Kweli kabisa," Akoth akasema.

"Mama," Barasa akasema kwa sauti ya chini, "nilisema. Nilisema mpaka nikaonekana mimi ndiye mbaya. Nikaambiwa nifunge na waya. Nikafunga na waya. Wewe si uliona ile waya?"

Niliiona. Nilidhani ni ya kuanikia soksi.

"Utakuja useme hivyo kortini?"

Akarudi kuangalia geti. Akoth akamwambia, "Barasa, wewe ni mwanamume wa kanisa gani hata kumwambia mjane ukweli ni shida?"

"Akoth, wewe unalipa kodi. Mimi nalala hapa bure. Nikisema, kesho nitalala wapi? Na watoto wangu kule Webuye wanakula hii ploti." Kisha akanigeukia. "Lakini sitadanganya, mama. Nikiulizwa mbele za watu, sitadanganya. Hiyo tu ndiyo naweza kukuahidi."

Nilishika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Nilitosheka. Nilirudi nyumbani kwa Nyawira, nilikohamia, nikiimba moyoni, na kwa kuimba huko sikumuuliza Barasa swali ambalo mtu mwenye akili angeuliza.

*

Wito ulikuja Jumamosi. Mchungaji Githae alinipigia mwenyewe.

"Mama Nyawira, tumesikia kuna mambo ya mahakama. Wewe unajua neno linasema nini juu ya waumini kupelekana mbele ya hakimu. Kabla hujafika huko, njoo kesho baada ya ibada, tukae kama familia."

Nyawira alisikia, akanyanyuka. "Huendi."

"Nimeitwa na mchungaji."

"Wakili amesema usiongee na hao watu!"

"Wakili ni wa kazi hii. Mchungaji alimzika baba yako."

"Na Gachanja ndiye karibu akuzike wewe! Maitu, hiyo si familia, hiyo ni kamati ya Gachanja. Anatoa mito ya viti vya kanisa, anatoa mabati, anatoa maikrofoni. Unadhani wataketi upande wako?"

"Viti vyetu havina mito."

"Si unaelewa ninachosema!"

Nilielewa. Lakini mimi ni mtu wa kanisa hilo tangu nilipobatizwa. Ukiitwa na wazee ukakataa, Jumapili inayofuata hata mtu wa kukusogezea kiti humpati. Na nilikuwa na neno la Barasa mfukoni. Nikasema, nitaenda, nitamuuliza Gachanja swali moja tu mbele za Mungu, na tutamalizana bila korti.

Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga.

*

Tulikaa kwenye kile chumba kidogo nyuma ya kanisa, kinachotunza vitabu vya nyimbo na viti vilivyovunjika. Mchungaji Githae alikaa kwenye meza. Mzee Gachanja alikaa kando yake, suti ya kahawia, mikono juu ya tumbo. Mama Ndung'u alikuwa akimimina chai. Na kwenye kona, kofia mapajani, alikuwa Barasa.

Moyo uliruka kwa furaha. Halafu ukatulia. Barasa si wa kanisa letu. Nani alikuwa amemleta?

"Karibu, dada," Mama Ndung'u akasema, akanishika mkono akanikalisha, akayaegemeza magongo yangu ukutani kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. "Nimekutilia tangawizi, najua baridi inakusumbua mguu."

"Asante, mama."

"Umelala vizuri? Bado ule upande wa kushoto?"

"Bado."

"Pole, dada yangu. Nakuombea kila siku."

Mchungaji aliomba. Kisha akakunja mikono.

"Mama Nyawira, nitaongea waziwazi. Ulisimama hapa ukasema humlaumu mtu. Kanisa likabarikiwa. Leo tunasikia unakwenda kuapa kwamba kuna wa kulaumiwa. Sasa sisi tubebe neno gani?"

"Yote mawili, mchungaji. Siku ile nilikuwa nashukuru kwa kuwa hai. Sikuwa naongea mambo ya vyuma."

"Ulisema adui alikusukuma," Mzee Gachanja akasema.

"Nilisema."

"Haya basi. Mshtaki huyo."

"Huyo hana ploti Mugutha, mzee."

Mchungaji alipaliwa na chai. Mama Ndung'u akamkimbilia na kitambaa.

Mzee Gachanja hakucheka. "Mimi nimekaa na wapangaji miaka mingi, hakuna aliyenipeleka popote. Nilikuja wodini. Nilikuombea. Shukrani yake ni hii, barua ya wakili?"

"Mzee, maombi niliyapokea. Lakini daktari anataka kunifungua tena mguu. Ulisema nikuachie. Nimekuachia, nikangoja, nikapiga simu. Ningefanya nini?"

"Tuna njia," mchungaji akaingilia. "Ukiondoa hiyo kesi, kanisa litakufanyia harambee. Akina mama wenzako wataanza, tutatangaza Jumapili ijayo."

Nilimtazama. Akina mama wenzangu ni wauza mboga, wafua nguo, wachuma kahawa wa siku. Ndio watoe sarafu zao kwenye sahani, walipie reli ya mtu mwenye ghorofa?

Nilitaka kusema mengi. Hawakuwa wakinikatalia msaada. Walikuwa tayari kunisaidia kwa kila njia, bora tu asilipe yule aliyepaswa kulipa.

"Mchungaji," nikasema, "sitaki harambee. Nataka nimuulize mzee swali moja, hapa, mbele za Mungu. Akinijibu, nitajua la kufanya."

"Uliza."

"Mzee Gachanja, kabla sijaanguka, uliambiwa ile reli ni mbovu?"

"Sikuambiwa." Hakusita hata kidogo. "Mungu ni shahidi wangu. Ningeambiwa, fundi angekuja siku hiyo hiyo. Na kwa sababu nilijua utauliza, nimekuja na mtu wangu. Barasa, simama."

Barasa akasimama.

"Waambie. Uliwahi kuniambia mimi habari ya reli?"

Nilimkazia macho. Nilimkumbuka pale kando ya tangi. Nikasema moyoni, sasa, mwanangu. Sasa.

"Hapana, mzee," Barasa akasema.

Nilishika ukingo wa meza.

"Umesikia?" Mzee Gachanja akanyoosha mikono kama mtu aliyemaliza mahubiri. "Mchungaji, umesikia. Mama Nyawira, umesikia kwa masikio yako."

"Barasa," nikasema, "ulinitazama machoni ukaniambia ulisema mpaka ukaonekana mbaya."

"Nilisema, mama."

"Sasa mbona unakana?"

"Sikani. Mzee ameniuliza kama nilimwambia yeye." Alikuwa anaikunja ile kofia kama kitambaa cha kupangusia. "Yeye sikumwambia."

Mchungaji Githae akaweka kikombe chini. "Ulimwambia nani?"

Barasa akaangalia mlango.

"Kijana, uko katika nyumba ya Mungu. Ulimwambia nani?"

"Mzee ndiye alinikataza kumpigia," akasema, macho sakafuni. "Alisema yeye mambo yake ni kule shambani, mambo ya ploti yote nimwambie mama."

"Mama yupi?" Mzee Gachanja akauliza. Nadhani kweli hakuwa ameelewa bado.

"Mama Ndung'u."

Nilisikia kwaya ya vijana wakifanya mazoezi kule mbele, wakirudia ubeti mmoja.

"Nilimpeleka mpaka juu," Barasa akaendelea, sasa maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililokuwa na hewa. "Akaishika reli na mkono wake. Ikacheza. Akashtuka, akarudi nyuma. Akasema, Barasa, harusi ya Ndung'u iko karibu, fundi tutamwita tukimaliza harusi. Kwa sasa funga na waya. Nikafunga. Harusi ikaisha. Nikamkumbusha. Akasema, bado tuna uchovu wa wageni."

Harusi ya Ndung'u. Nilisukuma chapati za harusi hiyo usiku na mchana, kwa kujitolea. Mama Ndung'u alinikumbatia mbele ya wageni wote akaniita dada yake.

Maneno ya Wakili Aoko yalinijia kichwani: akiambiwa mtu wake, sheria inahesabu ameambiwa yeye. Kile nilichokuwa nikikitafuta kilikuwa hapo mbele yangu, kimesimama na kofia mkononi. Kesi yangu ilikuwa imepata mguu wa kusimamia. Upasuaji wangu pia. Na sikuwa nahisi furaha yoyote. Nilihisi kama nimeanguka tena na mabati hayapo.

Maana aliyenisugua mgongo wodini alikuwa anajua. Kila siku aliyokuja na uji, alikuja akijua.

"Mama Ndung'u," Mzee Gachanja akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Huyu kijana anasema nini?"

Alikuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Aliiweka mezani polepole.

"Uliambiwa?"

Akafunga kifuniko cha chupa.

"Mama Ndung'u, nimeapa hapa mbele ya mchungaji! Nimemtaja Mungu kuwa shahidi! Uliambiwa ama hukuambiwa?"

Sijui ni nini kilichonifanya niseme nilichosema. Labda ni ule uji. Labda ni ujinga. Nilinyoosha mkono juu ya meza.

"Dada," nikasema, "sema hapana. Sema tu hapana, nami nitakuamini."

Nilijua hiyo hapana ingeniulia kesi. Bado nilikuwa naitaka.

Hakumtazama mume wake. Hakumtazama mchungaji wala Barasa. Alinitazama mimi, muda mrefu, midomo ikasogea kidogo kama anayeanza kuomba. Kisha akauchukua mkoba wake kwenye kiti, akafungua mlango, akatoka bila kuisema hiyo hapana.